Kompyuta ya Kujifunzia Programu za Kisayansi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Kwa anayeanza kujifunza programu za kisayansi na ukokotoaji wa kasi ya juu, chaguo bora kuliko yote ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya viini (sehemu zake zinazokokotoa kwa wakati mmoja) sita au nane na RAM isiyopungua gigabaiti 16. RAM ndiyo isiyofaa kubaniwa. Ukizidisha matriki (majedwali ya namba) mbili zenye safu 10,000 kwa 10,000, ambamo kila namba huchukua baiti 8, kila matriki hula megabaiti 800, na pamoja na ya jibu unafikia gigabaiti 2.4 kabla kivinjari hakijafunguliwa. Hakikisha RAM hiyo imegawanywa katika vijiti viwili, kwa kuwa kijiti kimoja huchelewesha data kufika kwenye prosesa, na programu nyingi za kisayansi hukwama hapo zaidi kuliko kwenye hesabu zenyewe.

Ya pili ni kompyuta mpakato. Inafaa kwa asiye na meza ya kudumu, lakini hupata joto upesi na prosesa hujipunguzia kasi; mwanafunzi anayelinganisha muda wa kiini kimoja na wa viini vinne hupata vipimo vinavyoyumba, akadhani kosa limo katika programu yake.

Kukodi mashine za mtandaoni naliweka la tatu, kwa sababu mashine iliyosahaulika ikiwaka huendelea kulipiwa. La mwisho ni kuunganisha Raspberry Pi kadhaa, yaani vikompyuta vidogo vya bei nafuu, ili zifanye kazi kama mashine moja. Linavutia, ila MPI, njia ya programu zinazoendeshwa sambamba kutumiana ujumbe, hujifunzwa vizuri hata ndani ya mashine moja kwa amri ya mpirun -np 4, inayoanzisha nakala nne za programu.

Kadi ya michoro isikutoe fedha mapema. CUDA, mfumo wa kuandika programu za kukokotoa kwa kadi hiyo, hufanya kazi kwenye kadi za NVIDIA pekee, na nyingi za michezo za miaka ya karibuni hukokotoa namba za baiti 8 kwa kasi ya 1/64 tu ya ile ya namba za baiti 4. Jifunze kwanza OpenMP, njia ya kugawa kazi kwa viini vya prosesa yenyewe.

Kabla ya kulipa, omba kuiwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi. Amri ya lscpu itakuonyesha idadi halisi ya viini, ambayo mara nyingi huwa ndogo kuliko idadi ya nyuzi (kazi ambazo viini hivyo hupokea kwa wakati mmoja) ambayo wauzaji hupenda kuitaja, na free -h itathibitisha RAM. Kisha viendeshe viini vyote kwa dakika kumi. Kasi ikishuka sana, itafute nyingine.