Kutembea kwa kasi au kuchuchumaa?

Anayetaka kupunguza kilo chache na kukaza mapaja na makalio mara nyingi huanza na kutembea. Ni chaguo zuri: hakuumizi magoti ya wengi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiwango cha wastani, kama kutembea kwa kasi. Ila kwenye tambarare makalio hayabadiliki sana. Tafuta kilima au ngazi.

Kuchuchumaa na kuinuka ndiko kunakojenga misuli, na hapa naomba umakini: visigino vibaki chini, magoti yafuate uelekeo wa vidole, mgongo usipinde. Anza na seti 3 za mara 10, siku 2 au 3 kwa wiki. Zoezi likiwa jepesi, shika uzito mkononi; bila kuongeza mzigo, misuli haina sababu ya kukua.

Hakuna kati ya hayo linaloyeyusha mafuta ya mapaja pekee. Mwili ndio unaoamua yapungue wapi, na chakula kina nguvu kuliko yote mawili.

Kama ningelazimika kuchagua, ningechukua kuchuchumaa. Kutembea kunaweza kuingizwa kwenye safari za kila siku.