TAHADHARI: Kamera za watoto za "1080p" ni changa la macho

Jamani, kabla hujamnunulia mtoto ile kamera ndogo ya rangirangi inayotangazwa kuwa inarekodi 1080p, soma hapa. Mimi nimeshapigwa.

Nilimnunulia mpwa wangu. Boksi linasema 1080p, menyu inasema 1080p, na hata faili ukilifungua kwenye kompyuta linasoma pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, ndiyo maana ya 1080p. Nilipolalamika kwamba video ina ukungu, muuzaji akanirushia namba hizohizo za faili kama ushahidi.

Ujanja uko kwenye sensa, ile chipu ndogo nyuma ya lenzi inayopokea mwanga. Kwa kila dalili, yangu ni ya 640 kwa 480, yaani pikseli 307,200. Ukiikata juu na chini ili ipate umbo pana la video, inabaki 640 kwa 360. Sasa piga hesabu: ili kufika 1920 kwa 1080, kila pikseli moja lazima izae tisa. Nane kati ya hizo kamera inazitunga kwa kukadiria rangi kutoka kwa majirani zake. Kisha kila fremu, yaani kila picha moja ya video, inabanwa kwa JPEG, njia ya kupunguza ukubwa wa picha kwa kuigawa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kwenye giza vipande hivyo utavihesabu kama vigae. Faili linakula kadi bure.

Nilirekodi ukurasa wa kitabu. Herufi "m" ilitoka kama kiwavi. Nikachukua fremu moja, nikaipunguza hadi 640 kwa 360, nikaikuza tena hadi 1920 kwa 1080, nikaziweka mbili pamoja. Mpwa wangu akaambiwa achague iliyo nzuri. Akachagua ile niliyoichezea! Kama ungekuwepo undani wowote wa 1080p, ungepotea pale.

Pitia pia video fremu moja moja mtu akipunga mkono. Mkono wangu ulikuwa unaganda kila fremu ya pili, kwa hiyo zile "fremu 30 kwa sekunde" ni 15 zilizorudiwa.

Picha hafifu yenyewe si dhambi. Mwaka 1987 Fisher-Price walitoa PXL2000, kamera ya kuchezea iliyorekodi picha nyeusi na nyeupe kwenye kaseti ya kawaida ya muziki, na msanii wa video Sadie Benning akaitumia kutengeneza video zake za mwanzo. Shida yangu ni kuuziwa hafifu kwa jina la kali.

Kwa hiyo muulize muuzaji pikseli za sensa yenyewe, kabla ya kukuzwa. Akutumie faili halisi, tena asilipitishe WhatsApp kama video ya kawaida, maana huko linabanwa upya na atapata pa kujifichia.

Wangu sikumpata tena. Tangazo lake lipo, ila sasa limeandikwa 4K. Kamera pichani ni ileile, mpaka stika.