Riwaya ya 1984: nchi isiyo na mapenzi inaaminika?

Riwaya hii ya George Orwell iitwayo 1984, iliyotoka mwaka 1949, husifiwa zaidi kwa kile kiwambo cha ukutani kinachomchungulia mtu usiku na mchana. Hicho leo hakimshtui mtu; nusu ya Ngamiani, hapa Tanga, inatembea nacho mfukoni. Kazi ngumu ya kitabu ni nyingine: kutushawishi kwamba Chama, kinachoitawala nchi hiyo ya kubuni, kinaweza kung'oa mapenzi nafsini mwa watu.

Mtambo umeundwa kwa ufundi. Ndoa za wana Chama hupitishwa na kamati, na wawili wanaoonekana kutamaniana hukataliwa. Hamu iliyozuiwa hugeuzwa chuki, humwagwa kila siku kwa dakika mbili mbele ya picha ya adui. Watoto hufundishwa kuwapeleleza wazazi: Parsons, jirani wa mhusika mkuu Winston, anaishia korokoroni kwa sababu bintiye wa miaka saba alitega sikio mlangoni akamsikia akiropoka usingizini, naye baba anajivunia malezi!

Haya yanaaminika. Kule Kambodia, kati ya 1975 na 1979, watawala wa kikomunisti walioitwa Khmer Rouge waliwaoza kwa lazima watu wasiojuana, na mwaka 2018 mahakama ikalihukumu jambo hilo kama jinai dhidi ya ubinadamu. Lakini utawala ule ulipoanguka, baadhi ya wanandoa hao walibaki pamoja. Wakubwa wanamudu kupanga nani alale na nani. Nani amhurumie nani, hilo linawaponyoka.

Hapo ndipo nati ya riwaya inapolegea. Julia ana miaka 26, amelelewa na Chama, kiunoni amefunga mshipi wa umoja wa vijana wanaopinga ngono. Huyohuyo anajiangusha koridoni, Winston akimwinua anampenyezea kikaratasi cha mapenzi. Malezi yote yale yalimpita wapi? Orwell anatuachia swali. Tena wasomaji husahau kwamba walalahoi, asilimia 85 ya watu, wameachwa wapendane watakavyo. Wasio na mapenzi ni wana Chama tu.

Msomaji wa Tanga ana kipimo chake. Mashamba ya mkonge yaliwapa watu namba, mpaka wakaitwa manamba. Walitolewa Ubena, Buha na hata Burundi, wakawekwa kambini mbali na jamaa zao, kipande, yaani kadi ya kazi, kikihesabu siku 30 za kazi. Humo humo utani ukastawi. Mtu akifa, watani ndio walioshika mazishi, na matusi yao ya utani msibani juu.

Riwayani hakuna msiba hata mmoja. Mtu anachukuliwa usiku, jina linafutwa, kesho kazini hakuna anayemuulizia. Ukisoma mara ya kwanza utadhani mwandishi kapitiwa. Ukirudia utaona hiyo ndiyo nati iliyokazwa kuliko zote: Chama hakina haja ya kukataza kilio, kimeshaondoa maiti na jina la kuliliwa. Ndiyo maana sura ya 7 ya sehemu ya pili inachoma. Winston anamkumbuka mama yake siku ile alipompora mdogo wake chokoleti. Mama akamkumbatia yule mtoto mgonjwa, mkono usioweza kurudisha chokoleti wala kuzuia kifo. Kwa kurasa hizo peke yake, kitabu kinunuliwe.

Kuhusu usomaji: kuna sehemu tatu, zenye sura 8, 10 na 6. Wengi hukwama sura ya 9 ya sehemu ya pili, kitabu ndani ya kitabu, kimejaa vita na matabaka. Ukichoka iruke, utairudia ukimaliza. Kiambatisho cha lugha ya Chama usikiruke: kimeandikwa kwa wakati uliopita, kana kwamba utawala ule umeshazikwa. Kabla ya kulipia nakala, funua kurasa za mwisho uhakikishe kiambatisho hicho kimo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ameondoka nayo Julia.