TAHADHARI: "Uwatu" wa kopo la kifuniko cha kijani hapa Mbeya

Wana Mbeya, hasa wa Uyole, Iyunga na Mwanjelwa, kuna muuzaji anazunguka kwenye status na magrupu ya kina mama na unga anaouita uwatu halisi wa Unguja (uwatu ni zile mbegu chungu za viungo). Kopo 25,000, hela unatuma kwanza, bodaboda anakuletea pale Kabwe. Nimenunua mawili. Si uwatu.

Uwatu naujua. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, jirani yetu wa Tanga alininywesha uji wake mpaka nikawa nanuka sukari iliyoungua: jasho, kanga, hata mkojo. Ndivyo ulivyo, ukiunywa siku kadhaa harufu inakutoka mwilini. Mwaka huu nikasema niurudie, kijiko kimoja kila asubuhi kabla ya chai. Siku ya tisa nikashtuka: sinuki chochote! Na ule uchungu wa kung'ang'ania ulimini sijauona, unashuka tu kama uji wa mtoto.

Nikakoroga kijiko kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Unga wa uwatu ukilowa unafanya ute, unavutika kama mlenda. Huu ulituama chini, maji juu yakabaki na rangi, na kidole nilichochovya kikatoka kimepakaa manjano ile ile ya jikoni kwangu. Kijana wangu wa kidato cha pili akasema, "Mama, tuweke aidini." Matone mawili tu, ikawa bluu nyeusi tii, ndivyo aidini inavyogeuka ikikuta wanga. Mbegu za uwatu hazina wanga wa kufikia hapo. Kumbe nimekunywa sembe iliyotiwa manjano, siku tisa, tena kwa nidhamu.

Hela ningesamehe. Kopo la pili nilimpelekea mama mkwe Tukuyu, naye ana kisukari, anatumia vidonge vya kushusha sukari, metformin. Alipompigia yule muuzaji kuuliza namna ya kunywa, akaambiwa aache vidonge "ili dawa zisigongane". Mama wa watu akaacha wiki mbili. Miguu inawaka moto, usiku anaamka mara tano kwenda chooni, na sisi hajatuambia kitu. Tulipomfikisha kituo cha afya, kipimo cha sukari kilisoma 19, juu sana. Sasa amerudi kwenye vidonge vyake, anaendelea vizuri, ila kwangu ametulia kidogo na sina la kumlaumu.

Na hata ungekuwa uwatu wenyewe, nao unaweza kushusha sukari. Anayemeza vidonge au kuchoma insulini amwambie daktari kwanza, isije ikashuka kupita kiasi. Mjamzito asiufanye dawa. Mwenye mzio wa karanga awe mwangalifu, maana ni mimea ya jamii moja. Yule hakumuuliza mama hata umri.

Nilipomtumia picha ya glasi akanijibu, "Dada una imani haba," kisha kanibloku. Nasikia ana namba nyingine sasa na anajiita daktari. Kwenye kopo ameandika "imesajiliwa", basi, namba hakuna. Dawa ya asili iliyosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ina namba yake. Muulize, uone atakavyoanza kukuita mpenzi.

Anayetaka uwatu anunue mbegu nzima kwa wauza viungo sokoni. Ni kabegu kadogo kagumu, njano inayoelekea kahawia, kana pembepembe na mfereji ubavuni. Tafuna moja hapo hapo, uchungu utakwambia. Loweka kijiko usiku, asubuhi zitakuwa zimevimba na maji yana ute. Ukitaka unga, saga mwenyewe.

Kopo nililompelekea mama mkwe bado lina nusu. Jumatatu nalipeleka TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Mwenye la kwake asilitupe, hata likiwa tupu, aje nalo tuongozane.