Jiko langu la kuni, themostati yake, na fundi aliyekagua kuni badala ya jiko

Naandika usiku huu huu kwa sababu duka wamenipigia simu jioni na moyo bado unanienda mbio. Kama unataka kujua jiko lina uzito gani au linapasha vyumba vingapi, hayo yameandikwa kwenye boksi. Mimi nataka kueleza kuhusu kilango kimoja cha bati, kikubwa kama kiganja cha mtoto, kilicho nyuma ya jiko.

Tunaishi Maine, jimbo la Marekani ambalo karibu asilimia 90 ya ardhi yake ni msitu. Kuni zipo. Mimi nilikulia Njombe, na anayeijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba anajua kwamba kule moto si anasa. Nimeanza kuwasha kuni za miwati nikiwa sijaanza shule. Nalisema hili mapema kwa sababu ya alichoniambia yule fundi.

Jiko letu linajiendesha hewa lenyewe, halihitaji umeme. Nyuma kuna themostati, yaani springi iliyosokotwa kwa metali mbili zilizoshikanishwa. Zikipata joto, moja inatanuka kuliko mwenzake, basi springi inajizungusha, mnyororo mwembamba unalegea, na kilango cha hewa kinashuka taratibu. Moto ukipoa, springi inarudi, mnyororo unavuta, kilango kinafunguka. Wewe unachagua tu kiwango kwa kuzungusha kishikizo. Wiki za mwanzo nililipenda jiko hili kupita kiasi. Unaweka magogo matatu ya maple saa tatu usiku, unalala, na alfajiri unakuta makaa mekundu yanakusubiri na sakafu ina uvuguvugu. Mama aliponiona kwenye simu nimekaa na blauzi tu huku dirishani theluji imefika kwenye kizingiti, alisema, "Mwanangu, hapo sasa umepata nyumba."

Baada ya Krismasi hivi, jiko likaanza kunguruma. Nimeweka kuni kama siku zote, nimeshusha kishikizo hadi mwisho, na moto unazidi tu. Kipimajoto cha sumaku kwenye bomba la moshi kina eneo jekundu linaloanzia digrii 475 za Fahrenheit. Mshale ulilipita eneo lote ukaendelea. Bomba likaanza kutoa harufu ya chuma kinachoungua. Sikufungua mlango, maana ukifungua unauongezea moto hewa, na maji humwagi kwenye chuma cha namna hiyo. Nilikaa kwenye kigoda na ndoo ya mchanga miguuni, nikihesabu dakika, mpaka kuni zikaisha zenyewe. Mume wangu alikuwa kazini, zamu ya usiku.

Duka wakatuma fundi. Hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Aliingia na viatu vyenye theluji, hilo nimemsamehe. Nikamweleza: kishikizo kipo chini kabisa, moto haupungui, nadhani kilango hakishuki. Akamgeukia mume wangu, ambaye hata hakuwepo usiku ule, akamuuliza kuni tumenunua wapi. Mume wangu akamwambia, muulize mke wangu, ndiye mwenye jiko. Fundi akatoa kipima unyevu, akakidunga kwenye gogo moja, akakidunga kwenye la pili, akatikisa kichwa. Kuni zenu mbichi, akasema, na watu mliotoka nchi za joto huwa hamjazoea mambo ya moto wa ndani.

Nchi za joto! Mimi niliyeamka na barafu kwenye majani ya chai!

Haki itendeke: gogo moja lilisoma asilimia 24, na inatakiwa iwe chini ya 20. Lakini hebu fikirini. Kuni mbichi hufanya moto uzubae, zinatoa moshi na kupaka masizi. Haziwezi kufanya bomba lipite digrii 475 huku hewa imefungwa! Nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba majiko yote mapya yako hivyo tangu sheria ya mwaka 2020. Sheria hiyo ipo, na inazuia jiko jipya kutoa zaidi ya gramu 2 hadi 2.5 za chembe za moshi kwa saa, kulingana na namna lilivyopimwa. Inahusu moshi, haikuagiza kilango kining'inie wazi. Mwisho akagonga kifuniko cha nyuma mara mbili kwa mpini wa bisibisi, kitu ndani kikalia "ti", akasema tayari. Hakufungua hata skrubu moja. Tukalipa pesa ya kuja kwake, dola zaidi ya mia.

Usiku ule ule kilango kilikwama upande wa pili, kimefungwa. Moto ukawa wa kufukafuka, kioo kikawa cheusi kama sufuria ya shughuli. Saa nane usiku king'ora cha kaboni monoksaidi kikalia. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Nilimnyakua mtoto kitandani, nikamfunga kwenye khanga na blanketi juu, tukatoka kusimama kwenye theluji na soksi mpaka watu wa zimamoto walipofika. Kila nikikumbuka "ti" ile ya bisibisi, mikono inanitetemeka.

Kesho yake, jiko likiwa limepoa kabisa, nilifungua kifuniko mwenyewe. Skrubu mbili tu. Mnyororo ulikuwa umetoka kwenye ndoano yake, pete moja imepinda na kubanwa chini ya washa, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya skrubu. Ndiyo maana kwanza kilango kilishikwa kikiwa wazi, na alipogonga kikadondoka na hakukuwa na kitu cha kukiinua tena. Niliinyoosha pete kwa plaizi, nikaurudisha mnyororo. Kisha nikachukua mashine ya kukaushia nywele, nikaipulizia springi: kilango kikashuka polepole, kikalala. Nikazima, ikapoa, kikainuka. Nikabana karatasi kwenye mlango wa jiko, pande zote nne, nikaivuta. Haikuteleza popote, kwa hiyo ile kamba ya kuzuia hewa ni nzima. Kazi yote ilinichukua chini ya saa moja.

Mwenye jiko kama hili, jiko likiwa baridi zungusha kishikizo kutoka chini hadi juu huku umetega sikio. Lazima usikie kilango kikigusa na kuachia. Ukiona kimya, usiwashe.

Nilikuwa nimeshaandika kwamba nampa huyu fundi msamaha kwa sababu jiko linafanya kazi na mtoto ni mzima. Hata nyota nne nilishaweka. Halafu jioni duka wakapiga. Nilidhani wanaomba radhi. Dada wa simu, sauti tamu kabisa, akaniambia kwamba kwa kuwa nimefungua kifuniko bila fundi wao, waranti ya themostati imekufa. Nikamuuliza, na fundi wenu angekifungua, mimi ningekifungua kwa nini? Akasema ataandika maoni yangu.

Basi nimefuta zile nyota nne. Jiko lenyewe ni zuri, siwezi kulisingizia, na hivi ninavyoandika linapumua vizuri, mshale upo 400, kioo safi. Aliyelitengeneza alijua kazi yake, ila ndoano ya mnyororo ingekuwa na ulimi wa kuufunga, haya yote yasingetokea. Sasa nimeufungia kwa waya mwembamba. Jiko nalipa nyota tatu. Duka siwapi hata moja, na ile pesa ya fundi nimewaandikia barua kuidai, nimeambatanisha picha ya ile pete iliyopinda na karatasi ya zimamoto.