Kitabu cha mitishamba cha David Frawley na Vasant Lad: uzoefu wangu

Kama umewahi kusikia wazee wakisema "hicho chakula cha baridi, usimpe mzazi", basi mlango wa kuingilia kitabu hiki unao tayari. Kinaitwa The Yoga of Herbs, na kilitoka Marekani mwaka 1986. Nakala yangu nililetewa kutoka India na jirani aliyempeleka mumewe kwa matibabu. Tangu siku ile hakitoki jikoni, na ukurasa wa tangawizi umeshaingia madoa ya manjano.

Frawley alizaliwa Wisconsin mwaka 1950 katika familia ya Kikatoliki, akavutwa na Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, akaingia Uhindu na kupewa jina la Vamadeva Shastri. Ana taasisi yake ya mafunzo ya Veda huko Santa Fe, New Mexico, na mwaka 2015 Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Bhushan. Watu wengi humtaja yeye peke yake wanapokisifu kitabu hiki, na hapo naona wanamdhulumu mwenzake. Vasant Lad ni tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, aliyesomea Pune huko India kabla ya kuhamia Marekani, na mkono wa mtu aliyekaa na wagonjwa unaonekana waziwazi humu ndani.

Vitabu vingi vya mitishamba ni orodha tu: ugonjwa huu, jani hili. Hiki kinakufundisha kuupima mmea. Unauonja kwanza, na ladha ni sita: tamu, kali ya ndimu, ya chumvi, kali ya pilipili, chungu na kakasi. Halafu unauliza kama unapasha mwili joto au unaupoza. Mwisho unauliza unaacha nini baada ya kumeng'enywa. Chukua tangawizi na pilipili manga. Zote zinawasha ulimi, zote zinapasha joto. Lakini tangawizi, kwa hesabu yao, huishia kwenye utamu tumboni, na pilipili manga hubaki kali mpaka mwisho. Ndiyo maana tangawizi inapewa hata mtu mkavu, mwembamba, anayejaa gesi, wale wanaowaita watu wa vata, na pilipili manga inampasa zaidi mwenye makohozi na uzito wa mwili, yaani kapha. Mwenye moto wake mwenyewe, pitta, anaambiwa azishike zote mbili kwa tahadhari. Sisemi kwamba sayansi ya maabara imeukubali mpango huu wa dosha tatu, yaani hizo vata, kapha na pitta. Nasema unampa mpishi namna ya kufikiri, na mimi niliukosa kwa miaka mingi.

Nilichokitumia zaidi ni dania. Wenyewe wanaihesabu miongoni mwa viungo vichache vinavyosaidia tumbo bila kuongeza moto. Mama mkwe wangu alikuwa akilalamika tumbo kujaa kila baada ya chakula cha usiku. Nikashuka Marikiti, mzee wa duka la viungo akaniuliza, "Mama, hizi za kusaga au za kuchemsha?" Nikamwambia za kuchemsha. Akanipimia mbegu za dania, bizari nyembamba na shamari kwa vipimo sawa. Kijiko kimoja cha mchanganyiko kwa vikombe viwili vya maji, unachemsha moto mdogo mpaka maji yageuke rangi ya majani makavu, unachuja, unanywa vuguvugu. Mama mkwe aliyapenda, akasema tumbo limelegea, na sasa anajichemshia mwenyewe. Hayo ni ya nyumba moja tu, naandika nilichokiona.

Sasa nisiyoyakubali, na haya nayasema kwa uzito. Kitabu kinausifia mzizi wa komfri (comfrey kwa Kiingereza) kama kirutubishi cha mwili. Komfri ina sumu zinazoharibu ini, na mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waondoe sokoni bidhaa zake za kumeza. Usiinywe, hata ukurasa useme nini. Kwenye urukususu, ule mzizi mtamu uitwao licorice kwa Kiingereza, kinaonya kuhusu presha, na onyo hilo ni la kweli, maana hupunguza potasiamu mwilini. Lakini jinsi mimea inavyogongana na dawa za hospitali hakijaeleza vya kutosha. Mzee anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda asianze kujitibu kwa manjano mengi bila kumwambia daktari wake.

Na usivuke kutoka viungo vya jikoni kwenda vidonge vya Ayurveda visivyojulikana vinatoka wapi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za aina hiyo zilizouzwa madukani eneo la Boston, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Dania ya kuchemsha unaiona mbegu kwa mbegu. Kidonge hukioni ndani.

Mimi ni Mwislamu, na wengine wameniuliza kuhusu hilo. Zipo sehemu za mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na falsafa ya Kihindu. Nilizisoma kwa heshima, nikaziacha palepale. Elimu ya viungo haikupungua kitu. Vitabu vya historia vya Frawley, vile anavyodai Waarya, watu wa kale wanaohusishwa na Veda, hawakutoka nje ya India, sivipendekezi: wanaisimu wengi wanaikataa hoja hiyo, na tafiti za vinasaba zinaonyesha watu wa nyika za kaskazini waliingia huko.

Kwa anayepika kila siku na anayesoma Kiingereza bila shida, nakipa nyota nne kati ya tano. Tafuta mimea kwa majina ya Kilatini: manjano ni Curcuma longa, shamari ni Foeniculum vulgare. Ukimwonyesha muuzaji jina hilo limeandikwa kwenye simu, pamoja na picha ya mbegu, hatakupa kitu kingine.