Siku nne kwenye mahekalu ya Tamil Nadu na mama na watoto: uzoefu wangu wa kukodi gari na dereva kutoka Chennai

Sisi hatukwenda India kutalii. Tulikuwa Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu, kwa ajili ya goti la mama, sindano na mazoezi, bila upasuaji, na katikati ya matibabu daktari akasema apumzike wiki nzima ndo aendelee. Mume wangu naye alishafika na watoto wetu wawili maana shule zilikuwa zimefungwa, basi tukajikuta watu watano tumebanana kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali tunaangaliana tu. Nikamuuliza daktari kama mama anaweza kusafiri kwa gari, akasema anaweza ila kila baada ya saa moja na nusu ashuke atembee kidogo. Hapo ndo nikaanza kutafuta gari na dereva.

Naandika haya kwa sababu najua Watanzania wengi wanapita Chennai na wagonjwa, wanakaa wiki na wiki hawajui kwamba gari la kwenda kuona vitu vya ajabu kabisa vya dunia hii lipo na bei sio ya kutisha, ila kuna mambo usipoyajua mapema utaumia.

Kwanza bei. Tulichukua Toyota Innova ya watu saba, kwenye simu wakaniambia rupia 19 kwa kilomita. Mi nikapiga hesabu kwa ramani nikaona safari yetu haifiki kilomita 800, nikafurahi. Kumbe kuna kima cha chini cha kilomita 250 kwa siku, yaani hata siku ambayo gari limelala limepaki unalipia 250, kwa hiyo siku nne ni kilomita 1,000 upende usipende. Sisi tulitembea kama 780, tukalipia 1,000. Na kilomita zinaanza kuhesabiwa gari linapotoka kwao garaji, sio linapofika mlangoni kwako. Halafu kuna posho ya dereva kila siku, kuna nyongeza ukitembea baada ya saa nne usiku, tozo za barabara na paking ni juu yako. Jumla tulitoa kama rupia elfu 22, kwa hela yetu siku zile ni kama laki sita na nusu. Kwa watu watano siku nne mi naona ni halali, kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyenieleza mapema, vyote nilivisoma kwenye risiti siku ya mwisho. Kampuni siitaji jina, nilivyosikia kwa wengine hesabu zao karibu wote ni hizohizo.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa ratiba. Waliipanga wao ofisini wakanitumia kwa WhatsApp, siku ya kwanza Kanchipuram mchana, halafu Mahabalipuram jioni. Kanchipuram ni mji wa mahekalu na wa hariri, zile sari nzito za harusi zinafumwa pale, na mimi nilikuwa na hamu sana na hekalu la Kailasanathar ambalo ni la mwanzoni mwa karne ya 8. Tumefika saa sita na dakika kumi. Limefungwa. Mahekalu mengi ya huko yanayoabudiwa hufungwa kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi jioni, na mtu anayefanya biashara ya kupeleka watu kwenye mahekalu hana sababu ya kutolijua hilo! Tukaenda Ekambareswarar, nalo limefungwa, tukasimama nje kwenye jua tunaangalia ule mnara wa mlangoni uliojengwa 1509, karibu mita 60 kwenda juu, watoto wanalia njaa na mama anajishika goti. Niliumia jamani, sisemi uongo.

Aliyetuokoa ni dereva. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, wenyeji wakatufundisha tumwite Anna, yaani kaka mkubwa, na yeye mama yangu akamwita Amma kuanzia dakika ya kwanza, mama akafurahi kwamba neno lenyewe halihitaji mkalimani. Anna akasema kwa Kiingereza chake kifupi tukisubiri mpaka saa kumi tutaikosa Mahabalipuram, ila kule hapafungwi mchana kwa sababu panasimamiwa na serikali kama mambo ya kale, tuondoke sasa hivi. Tukaondoka. Na kuanzia hapo ile ratiba ya ofisini tukaiweka pembeni, tukawa tunamuuliza yeye.

Mahabalipuram, ndugu zangu. Iko pwani kusini mwa Chennai, ni kazi ya wafalme wa Pallava wa karne ya 7 na ya 8. Kuna mahekalu matano yanaitwa Ratha, kila moja limechongwa kutoka kwenye mwamba mmoja, sio kwamba mawe yamepangwa, wameukuta mwamba wakauchonga kuanzia juu kushuka chini mpaka ukawa nyumba yenye paa na nguzo, na pembeni tembo wa jiwe wa ukubwa wa tembo kweli. Kuna ukuta wa mwamba wenye upana wa karibu mita 30 umechongwa watu, miungu, tembo na watoto wake, na katikati pana ufa ambao wameufanya ndo mto Ganges unashuka kutoka mbinguni. Mwanangu wa miaka tisa alikaa pale akahesabu wanyama mpaka nikamvuta mkono. Hekalu la ufukweni lenyewe limeliwa na chumvi, sura za sanamu zimefutika, na mtu wa Tanga kama mimi ukiliona limesimama pale na mawimbi nyuma yake unakumbuka magofu ya kwetu. Mgeni tulilipa rupia 600 kila mtu mzima, mwenyeji analipa 40, watoto bure, na tiketi moja inaingia kwenye Ratha na hekalu la ufukweni siku hiyohiyo kwa hiyo usiitupe.

Siku ya pili ilikuwa ya barabara tu, tukala mji wa Puducherry, tukachelewa, mji wa Thanjavur tumeingia saa nne na dakika ishirini usiku. Sasa hapa pana jambo lazima niliseme. Alfajiri nimeshuka kuchukua dawa za mama kwenye gari nikamkuta Anna amelala kwenye kiti cha mbele, vioo ameshusha kidogo, mbu wamemla. Ile posho tunayolipa kila siku tulidhani ndo ya kulala, kumbe wengi wanaibana wapeleke nyumbani, na hoteli nyingi hazina sehemu ya madereva. Mume wangu akaenda mapokezi wakampatia kitanda chumba cha wafanyakazi kwa hela kidogo sana. Ukikodi gari ulizia hoteli hili swali kabla hujalipa, huyo mtu ndo ameshika roho za watoto wako barabarani.

Siku ya tatu, hekalu la Brihadeeswara la Thanjavur tuliingia saa kumi jioni lilipofunguliwa tu. Mfalme Rajaraja alilimaliza 1010, mnara wake unapita mita 60, wote wa graniti, na hapo jirani hakuna mwamba wa hivyo, mawe yalitoka mbali. Kiingilio hakuna. Viatu unaacha nje, na mawe ya uani yamechomwa na jua mchana kutwa, kwa hiyo bebeni soksi nene, hasa mzee na mtu mwenye sukari, soksi wanaruhusu. Kuna msaidizi wa njiani alituambia kivuli cha mnara hakianguki chini, mi nimekiona kwa macho yangu kirefu kabisa kwenye uwanja, lakini hekalu lile halihitaji kusingiziwa chochote. Kuta za chini zimejaa maandishi ya Kitamil, zawadi za mfalme, majina ya wacheza ngoma ya hekalu kama 400 na mitaa waliyokaa. Miaka elfu moja na jina la mtu bado linasomeka.

Mama aliniuliza, mwanangu tunaingia kuabudu? Nikamwambia hapana mama, tunaangalia kazi ya mikono. Akaweka ushungi wake sawa akaingia uani, akakaa kwenye kibaraza cha pembeni, kukawa na bibi wa Kitamil amekaa hapo naye anajikanda goti. Wakaangaliana, wakaonyeshana magoti. Nimezunguka na watoto nimerudi nikawakuta wanakula ndizi pamoja, hakuna anayejua lugha ya mwenzie. Jua likawa linazama, lile jiwe likageuka rangi ya dhahabu, na mama ndo alikuwa wa mwisho kutaka kuondoka.

Siku ya nne tulipita hekalu la Darasuram, watoto walipenda ukumbi uliochongwa kama gari la farasi lenye magurudumu ya jiwe, halafu Gangaikonda Cholapuram, mji wa Rajendra mtoto wa Rajaraja. Mnara wake ni mfupi kidogo kuliko wa baba yake, na hapakuwa na watu kabisa. Huyu Rajendra 1025 alipeleka meli za vita mpaka Sumatra, na karne hiyohiyo ya 11 ndo msikiti mkuu wa Kilwa unajengwa upande wetu wa bahari, nikawaeleza watoto pale kwenye nyasi, mkubwa akauliza mbona Kilwa hatujawahi kwenda. Sikuwa na jibu, tumepanga Desemba.

Chakula sio tatizo, idli ni kama kitumbua ambacho hakikukaangwa, dosa watoto waliiita chapati ya maji, ila omba wapunguze pilipili. Na namba za gari la biashara huko ni za njano, nyeupe ni la mtu binafsi, kinyume na kwetu, wakikuletea gari la namba nyeupe likatae.

Nitakodi tena, ila nitamuomba Anna mwenyewe, na ratiba nitaipanga mimi nikiwa na saa za kufungwa mkononi. Mama anarudi Novemba kuangaliwa goti. Ameshasema Kanchipuram tutatoka saa kumi na moja alfajiri.